Habari Njema Haingoji Chai

Ibrae Wario hakuwa mtu mkubwa. Hakuwahi kuwa chifu wala diwani, wala hata katibu wa kamati ya maji. Alikuwa dereva wa lori Isiolo, na leo ukiuliza pale Kiwanjani alikokaa, utaambiwa alikuwa mtu mpole aliyependa kusimama. Ukimkaribisha kiti, anakwambia yuko sawa. Ukimpa chai, anainywa akiwa ameegemea mlango. Watoto wa mtaa walimwita Mlingoti, na yeye alicheka nao.

Sababu ya kutoketi kwake tuliijua watu wawili tu, mimi na Elema, na baadaye msichana mmoja ambaye nitamfikia. Nilinyamaza miaka kumi na miwili. Tulimzika Ibrae mwaka jana, 1988, na tangu siku ile kunyamaza kumekuwa kama kokoto ndani ya kiatu. Basi navua kiatu.

Mimi ni Jasper Mwiti, Mmeru wa Maua, fundi wa injini. Mwaka 1970 niliajiriwa Isiolo na mfanyabiashara aliyeitwa Dualeh, aliyekuwa na lori moja, Bedford kuukuu lililokunywa maji kuliko ngamia. Ibrae ndiye aliyekuwa dereva. Elema alikuwa tanboi, yaani yeye ndiye alipakia mizigo, akafunga turubai, na kuruka chini na gogo la kuzuia tairi kila lori liliposhindwa na mwinuko. Mimi nilikaa katikati yao na sanduku la spana miguuni. Miaka mitatu tulikula sahani moja. Wao Waborana na Waislamu, mimi mtu wa Methodist na mla miraa, na sikumbuki hata siku moja tuliyogombana kwa sababu hiyo. Tuligombana kwa sababu ya redio, na kwa sababu ya nani alimaliza sukari.

Na tuligombana kwa sababu ya salamu. Hapo nitasema wazi, wale wawili walinitoa jasho. Mborana akikutana na mwenzake njiani atamwuliza watu, ng'ombe, mbuzi, malisho, mvua, wazee, watoto, na kila swali lina jibu lile lile: nagaa, yaani amani. Hata kama ng'ombe wamekwisha wote. Hata kama mtu amefiwa. Kwanza amani. Kisha mgeni anakalishwa, anapewa maziwa au chai, anakunywa mpaka chini, ndipo anaambiwa kuna jambo. Mimi nilikuwa nawaambia, nyumba inaungua, nyinyi bado mnaulizana hali ya mbuzi. Elema alinieleza mara moja, bila kukasirika, kwamba habari mbaya haitupiwi mtu aliyesimama. Aliyesimama ataanguka, alisema, lakini aliyeketi hana pa kuangukia. Niliona ni maneno mazuri ya watu wasio na haraka.

Mwaka 1973 Dualeh aliuza lori, tukatawanyika. Elema alifungua hoteli ya chai Garba Tula, chumba kimoja cha mabati na mabenchi mawili. Mimi nilirudi Maua kutengeneza trekta za watu. Ibrae alipata kibarua cha kuendesha tangi la maji. Tuliagana pale sokoni Isiolo tukiahidiana kutembeleana kila mwezi, na kama ilivyo kwa ahadi za namna hiyo, hatukutembeleana hata mara moja.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Siku moja mwanzoni mwa mwaka 1976 nilikuwa nimelala chini ya trekta, nikasikia mtu ananivuta miguu. Nilitoka na tusi tayari mdomoni, nikamwona Ibrae amesimama anacheka mpaka machozi. Dualeh alikuwa amenunua Bedford jingine, akasema, na jambo la kwanza alilofikiria ni sisi watatu. Alikuwa anapeleka unga na sukari Wajir. Alinitaka mimi kwa injini, na Elema tungempitia Garba Tula. Safari moja, kama zamani. Nilimwambia nina kazi. Akaniambia kazi haiozi. Halafu akaniambia jambo la pili kwa sauti ya chini, ingawa hapakuwa na mtu wa kusikia isipokuwa lile trekta: Bisharo alikuwa mjamzito, na mwezi ulikuwa umetimia.

Bisharo alikuwa mke wake. Mwanamke mrefu, mkali wa ulimi, aliyeuza maziwa Isiolo na kunipigia kelele kila nilipoingia kwake na mikono ya grisi. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya pili nilikuwapo. Tulimpeleka hospitali na lile Bedford la kwanza, na kurudi Ibrae aliendesha mwendo wa kinyonga, kana kwamba bado kulikuwa na kitu cha kulindwa. Sasa hii ya tatu ilikuwa imeshika. Bisharo alikuwa amekwenda Kinna, kwa mama yake, kujifungulia huko. Mpango wa Ibrae ulikuwa rahisi: tupeleke mzigo Wajir, tukirudi tuingie Kinna wote watatu, tumchukue mama na mtoto tuwalete nyumbani. Elema angechinja mbuzi. Mimi, alisema, ningeruhusiwa kuongea kidogo.

Tulitoka Isiolo saa moja asubuhi. Siku zile njia ya Wajir haikuendwa hivi hivi kwa sababu ya majambazi. Magari yalikusanywa kwenye kizuizi, yakapangwa mstari, askari mbele na askari nyuma, na ukishaingia kwenye msafara husimami ila askari wasimame. Tulikuwa magari kumi na moja, sisi tukiwa wa nne. Juu ya kichwa cha lori Ibrae alikuwa amefunga beseni la plastiki, la buluu, la kumwogeshea mtoto. Lilipigwa na upepo njia nzima, tap tap tap, na mimi nilimwuliza kama mtoto atakuwa Mborana au samaki. Alisema atakuwa mtu safi, tofauti na mafundi wengine.

Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Aliimba, akasimulia mambo ya zamani akiyaharibu makusudi ili nimsahihishe. Alisema mimi ndiye niliyetumbukiza ufunguo ndani ya kisima cha Merti, nami najua ni Elema. Tulicheka mpaka nikaumwa na mbavu. Kwenye njia ya kukatia Kinna alitoa mkono dirishani akaupungia ule upande, mkono mzima, kama mtoto anayeaga shule. Akasema siku tano tu.

Nitasema sasa hivi, maana hii si hadithi ya kufichana. Wakati anapunga ule mkono, Bisharo alikuwa ameshakufa. Alikufa alfajiri, baada ya kujifungua, kwa damu kutoka bila kukoma. Mtoto alikuwa hai, msichana. Watu wa Kinna walijua Ibrae yuko njiani siku ile, kwa hiyo walimtuma mtu na Lendrova la idara ya mifugo mpaka Garba Tula kwa Elema. Maziko yalikuwa alasiri. Lendrova lilikuwa linangoja nyuma ya hoteli hadi saa nane. Kazi ya Elema ilikuwa moja tu: kumshusha Ibrae, kumketisha, kumpa chai, kumwambia, na kumpakia kwenye Lendrova. Mimi ningeweza kulipeleka lori Wajir. Leseni nilikuwa nayo mfukoni.

Tulifika Garba Tula saa sita na nusu. Askari walisema dakika kumi. Elema alikuwa amesimama kando ya barabara kwa patipati, aproni ya hoteli kiunoni. Alikuja upande wa dereva, akamshika Ibrae mkono kwa mikono yake miwili, pale juu dirishani, na wakaanza. Salaam aleikum. Aleikum salaam. Watu nagaa? Nagaa. Ng'ombe nagaa? Nagaa. Mvua? Kinna nagaa? Nagaa, alisema Elema. Wazee nagaa? Nagaa. Mimi nilikuwa nimekaa pale na hamu ya miaka mitatu ya kumkumbatia yule mtu, na dakika zinakwenda, na mbele askari ameshapanda gari lake. Nikanyoosha mkono nikapiga honi. Nikasema kwa sauti kwamba Waborana wakianza salamu, ndama atazaliwa, atakua na kuuzwa kabla hawajamaliza.

Elema hakunitazama. Alisema, "Ibrae, shuka kwanza ukunywe chai."

"Chai tutakunywa Mado Gashe," Ibrae akasema. "Panda."

"Iko tayari. Shuka tu, ukae kidogo."

"Panda, Elema. Gari inaenda."

Na kweli msafara ulikuwa umeanza kusogea. Niliona Elema anageuka kutazama nyuma ya hoteli yake. Nilidhani anawazia birika lake lililo motoni. Kisha akazunguka mbele ya lori mbio, nikamfungulia mlango, akapanda. Hakuwa na mfuko, hakuwa na shuka ya kulalia. Alikuwa anakwenda Wajir, siku mbili za mchanga, kwa patipati na aproni. Nilimtania kwamba amemkimbia mke. Akacheka. Ndiyo, alicheka, na mimi nikaona mambo yako sawa.

Ni rahisi kusema leo kwamba angetamka tu. Nimemlaumu hivyo mimi mwenyewe, kwa maneno mabaya, na baadaye nikamwomba msamaha. Lakini mweke mtu pale. Mila yake imemfunza tangu utotoni kwamba mtu hapigwi na msiba akiwa amesimama. Kazi ya lori imemfunza kwamba dereva haambiwi neno zito akiwa ameshika usukani, maana atawaua wote. Na mbele yake yuko rafiki ambaye hajamwona kwa miaka mitatu, anaimba. Alijiambia atamwambia tukisimama. Hakuweza kumwacha aende na jambo lile peke yake, kwa hiyo alipanda ili aende nalo pamoja naye. Nyuma ya hoteli Lendrova likangoja mpaka saa yake, likaondoka.

Basi tukawa watatu, kama zamani. Ibrae alianza tena wimbo wake, na mambo ya kisima na ufunguo, na Elema akakubali kosa lisilo lake, au lililo lake, hata sijui tena. Nilitoa miraa, nikatafuna peke yangu. Nilimpa Elema tende, akazishika mkononi hadi zikaota joto, hakula. Beseni lilikuwa linagonga juu yetu. Niliona Elema amelitazama lile beseni kupitia kioo cha mbele, ukingo wake ulikuwa unaonekana, kisha akafumba macho. Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema jua.

Saa tisa gari la pili katika msafara lilizama kwenye mchanga wa lagha, yaani mto uliokauka, msafara mzima ukasimama. Ibrae aliruka chini akaenda kusaidia kusukuma. Elema alinivuta nyuma ya lori, akanieleza yote kwa maneno machache. Nilimkamata shingo ya shati. Nilimwuliza anangoja nini, mtoto aote meno? Alisema Kinna wamesema watamngoja mpaka kivuli kiwe kirefu. Na wakati ule ule, kwa bahati ambayo bado inaniuma, ukatokea msafara wa kutoka Wajir kwenda Isiolo. Magari manne. Yalipunguza mwendo kupita kando yetu. Gari lolote kati ya yale lingemrudisha. Angefika amechelewa, lakini angefika, na wangemngoja.

"Mketishe," Elema aliniambia. "Akiketi tu, nitasema."

Nilimwita Ibrae. Nilitandika gunia kivulini, chini ya ubavu wa lori, nikamimina chai ya chupa. Nilisema njoo ukae, umechoka. Alikuja mpaka pale, mchanga hadi magotini, akaichukua chai akainywa wima. Nikasema kaa basi, bwana. Akasema akikaa atalala. Nikamshika bega nimsukume chini kidogo kama mzaha, na bega lile lilikuwa gumu kama nguzo. Alikuwa anacheka. Meno yote nje. Akasema, Mwiti, leo unanipenda sana, una nini? Kisha akarudi kwenye lile gari lililozama, akaweka mgongo wake chini ya bodi, akasukuma.

Mimi ni Mmeru. Mila yao haikunifunga. Kwetu mtu akifa tunapiga kelele mlima mzima usikie. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, mkeo amekufa, panda gari lile. Sikulitoa. Niliogopa ule uso unaocheka, niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayeuzima. Yale magari manne yalipita, moja, la pili, la tatu, la nne. Vumbi lao lilitufunika sote na Ibrae hakugeuza kichwa kuyatazama. Mtu ambaye hakuwahi kupishana na gari bila kupunga mkono.

Tuliingia Mado Gashe jua linazama. Msafara hulala pale. Kila mtu alishuka, wengine wakaenda kuswali. Ibrae alizima injini lakini hakushuka. Alikaa na mikono kwenye usukani akatazama mbele, pale ambapo hapakuwa na kitu ila mbuzi wa watu wanarudi zizini. Mimi na Elema tulisimama chini tukingoja. Mwishowe alifungua mlango, akashuka taratibu kama mzee, akatupita bila neno. Akaenda kwenye hoteli ya hapo, kwenye mkeka uliotandikwa nje, akavua viatu akaketi. Alikunja miguu vizuri. Aliagiza chai tatu. Ilipokuja aliinywa yote, polepole, akaweka kikombe chini.

"Haya, Elema," akasema. "Nimeketi."

Elema alimwambia. Alisema Bisharo ametutangulia, alfajiri, na mtoto ni msichana na ni mzima. Ibrae alisema maneno ya Waislamu, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Kisha aliuliza jambo moja.

"Wamemzika saa ngapi?"

"Alasiri."

Alitikisa kichwa. Alikuwa anajua alasiri alikuwa wapi. Alikuwa chini ya bodi ya gari la watu, kwenye lagha.

Mimi nilianza kulia, na kama ilivyo desturi yangu mbaya, kilio kilikuja na hasira. Nilimgeukia Elema nikamtukana mbele ya watu. Nilisema mila yenu na chai yenu zimemnyima huyu mtu kumwona mkewe mara ya mwisho. Ibrae alinishika mkono.

"Mwache," akasema. "Nilijua Garba Tula."

Nikadhani msiba umemchanganya.

"Alinishika mkono, akaniambia shuka ukunywe chai. Kama mtoto angekuwa amezaliwa na mama yake ni mzima, Elema angenipigia kelele nikiwa mbali huko barabarani. Angekuja akiruka. Habari njema haingoji chai, Mwiti." Alikigeuza kile kikombe kitupu. "Nilijua iko habari. Sikujua ni ya mtoto au ni ya mama. Nikaona nisiposhuka, nisipoketi, hawezi kuniambia. Na kama hajaniambia, bado niko na wote wawili."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Zile hadithi za kisima, ule wimbo, yale meno yote nje. Alikuwa anajua njia nzima kutoka Garba Tula, na kila kilomita alikuwa anamkimbia Bisharo ili asimpoteze. Kwenye lagha aliyaona yale magari manne. Alikiri kwamba alihesabu. Alisema wakati la nne linapita miguu yake ilitaka kukimbia kulifuata, na akaweka mgongo chini ya bodi ili isiweze. Kisha akainamisha uso kwenye magoti yake na akalia hata wenye hoteli wakaingia ndani wakafunga mlango, kwa heshima.

Msafara haukugeuka; tulishusha mzigo Wajir, na siku ya nne tulifika Kinna. Mama yake Bisharo alitoka nje na mtoto amefungwa kwa kanga. Hakupiga kelele. Alimwambia Ibrae, "Tulikungoja mpaka kivuli kikawa kirefu," na ndani ya maneno hayo mlikuwa na swali. Ibrae alijibu kwamba msafara haukusimama, askari hawakumruhusu. Alitutazama mimi na Elema. Tulitazama chini. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini uongo ule tuliubeba watatu na ukatembea miaka kumi. Alikwenda kwenye kaburi akasimama hapo tangu adhuhuri hadi magharibi. Tulimwambia akae kidogo. Alisema hapana. Nafikiri ni hapo ndipo kusimama kulipoanza.

Hakuoa tena. Mtoto aliitwa Gumato, alilelewa na bibi yake Kinna mpaka akafika umri wa shule, kisha Ibrae akamchukua Kiwanjani. Aliendesha lori mpaka mgongo ukakataa. Lile beseni la buluu lilimwogesha Gumato hadi halikumtosha, baadaye likawa la kufulia, na mara ya mwisho nililiona mbuzi wao ananywea maji. Mimi nilifunga safari kila Krismasi na kila Idd kutoka Maua, na Elema naye alikuja, kwa sababu baada ya Mado Gashe hatukuthubutu tena kuahidi kitu tusikifanye. Tulikaa barazani mimi na Elema. Ibrae alisimama. Yule msichana alizoea kutuletea vigoda viwili tu.

Alipofika miaka kumi, bibi yake alifariki, na pale kwenye matanga Gumato alisikia kina mama wakisema vibaya juu ya askari waliomzuia baba yake asimzike mama yake. Aliporudi nyumbani alisema akikua atawatafuta wale askari. Ibrae alinisimulia haya mwenyewe. Alisema alimketisha, akamchemshia maziwa, akangoja amalize. Kisha akaketi mbele yake, kwenye kigoda, yeye Mlingoti, akamwambia hapakuwa na askari. Akamwambia alijua, na akaogopa kuketi. Msichana alikiinamia kikombe cha maziwa. Baadaye aliuliza kama mama yake alikuwa amefunikwa uso wakati wanamngoja. Ibrae alisema hajui, na kwamba hilo la kutojua ndilo lililokuwa likimwamsha kila alfajiri.

Mwaka jana alihamia Kinna, kwenye shamba dogo la kumwagilia, karibu na lile kaburi. Gumato alibaki Isiolo kwa shangazi yake kwa sababu ya shule. Kifua kilimwanza mwezi wa tano. Nilishuka kutoka Maua, Elema akaja, tukamkuta amelala. Hilo pekee lilitutisha. Aliaga dunia Jumanne, kabla ya adhana ya asubuhi, mimi nimemshika mkono mmoja na Elema mwingine. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa, mtoto asichelewe.

Tuliazima pikapu tukaenda Isiolo, wazee wawili. Elema aliniomba nizungumze mimi. Alisema yeye alishindwa mara moja na inatosha. Nilikubali kwa ujasiri, na tulipofika pale Kiwanjani ujasiri ukaniishia mlangoni.

Gumato alikuwa anafagia uani. Nilimsalimia. Nikamwuliza shangazi yake. Hajambo, ameenda sokoni. Nikamwuliza shule. Nzuri. Nikamwuliza mitihani, nikamwuliza yule mbuzi, nikamwuliza kama mvua imenyesha upande huu, mimi Mwiti, mpiga honi, niliyewacheka watu kwa salamu zao. Nilikuwa sijui pa kuachia. Elema alikuwa nyuma yangu anavuta pumzi. Nikamwuliza majirani.

Msichana alinitazama, akamtazama Elema, akaitazama miguu yetu yenye vumbi la Kinna. Aliweka ufagio ukutani. Akaingia ndani akatoka na vigoda vitatu. Viwili akaviweka mbele yetu. Cha tatu akakiweka chini akakikalia yeye mwenyewe upesi, akashika magoti yake kwa mikono miwili. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Nimeketi, baba Mwiti," akasema. "Chai tuache. Sema."

Nikamwambia.

Hakulia mara moja. Kisha akauliza, "Wamemzika saa ngapi?"

"Bado," nikasema. "Wanakungoja wewe. Gari liko nje."

Alisimama akaenda kutafuta mtandio wake.